Mama Aliyekwenda Kulisuta Jini

Asubuhi hiyo shuka la mama liliamka kavu. Tangu apigwe na kiharusi, halikuwa limewahi kuamka hivyo. Mkwewe alilipapasa, akalinusa, akacheka peke yake.

"Mungu mkubwa," akamwambia mumewe. "Leo sifui."

Mumewe hakucheka. Kazi yake ilikuwa kutunza mabwawa ya matete yanayosafisha majitaka ya hospitali, na nyumba aliyopewa ilikuwa hapohapo uani. Majitaka huingia kwenye chemba, hupita chini ya kokoto katikati ya mizizi ya matete, hutokea upande wa pili yakiwa hayana harufu. Yeye hukata matete yaliyokomaa, hung'oa magugu, huzibua mabomba. Na tangu mama yake augue, maji ya kumwogeshea alikuwa akiyamwaga kwenye chemba ile.

Shida ni mdomo. Kila akiinamisha beseni alinung'unika: "Haya, mezeni. Uchafu wa watu wote mnaumaliza, huu wa kwangu hauishi. Iko siku nitawaletea mwenye uchafu mwenyewe." Maneno ya mtu aliyechoka, utasema, na mimi ningesema hivyo. Lakini jini lililokaa kwenye matete yale halijui uchovu wala mzaha, linajua umesema.

Mama akawa hali, haendi haja, na bado anapendeza. Harufu ya ugonjwa ilimtoka, akanukia majani mabichi. Akaketi. Akasimama. Majirani walikuja kumshukuru Mungu, na mtunza matete akabaki kutazama miguu yake, maana katikati ya vidole vilikuwa vimechomoza vijizizi vyeupe, na mama alivificha chini ya blanketi kwa aibu.

Mchana mmoja, jua la utosi, alikuwa akikata matete wakati upepo ulipotulia kabisa, lakini matete ya katikati yakaendelea kutikisika, na humo ndani ikatoka sauti ya mama yake, si hii ya sasa bali ile ya zamani aliyokuwa akimwitia chakula utotoni, taratibu, kwa mapenzi: "Beseni tumelipokea, baba. Mwenyewe utamleta lini?"

Alikimbilia kwa mganga. Mwanamke yule alikuja, akainama juu ya chemba, wala hakuchoma kitu.

"Hili halitoki kwa moshi," alinong'ona. "Uliliahidi. Nenda kamwambie mama yako ulichosema, kwa kinywa chako. Akikusamehe, litaondoka."

"Njia nyingine hakuna?"

"Hakuna. Na usichelewe."

Alimkuta mama ameketi kitandani, mkewe akimchana nywele.

"Baba," mama alisema kwa sauti ya chini, "kuna kitu kinaniita kule kwenye matete. Kinasema wewe umenitoa, eti umechoka na uchafu wangu. Kweli?"

Mkewe akaacha kuchana. Mtunza matete alifungua kinywa, na nakuapia maneno yalikuwa yamefika ulimini. Kisha akayaona macho ya mkewe, akaona haya. Haya hiyohiyo tu.

"Uongo, mama. Linataka kutugombanisha."

Mama akashusha pumzi, uso ukamng'aa.

"Nilijua. Mwanangu niliyemzaa mimi? Basi ngoja nikalisute."

Na kwa kuwa mwanamke aliyesingiziwa mwanawe hangoji kesho, akavaa viatu, akakataa kushikwa mkono, akatoka, na mwanawe akamfuata mpaka kwenye wigo wa mabwawa, akijua kwamba neno moja lingemrudisha, akalitafuna neno hilo huku mama akiyapangua matete kama mtu anayeingia nyumba ya jirani mmbea, mpaka yakajifunga nyuma yake na ikabaki sauti tu, kali, yenye fahari: "Mwanangu hakusema! Mwongo ni wewe!"

Jini halikubishana. Lilimjibu kwa sauti ya mwanawe, neno kwa neno, kila beseni na maneno yake, hata yale ambayo mwanawe aliyasema huku mama akipumua kwa shida karibu na dirisha, hata siku mwanawe alipoomba mama asiamke.

 Mtunza matete alishikilia wigo, mguu mmoja tayari ndani. Mama angemwita tu, angekwenda. Hilo alijiapia, na hilo ndilo analowaapia watu mpaka leo.

Mama hakumwita.