Alida na Amri ya Pasaka

Alida alitunza chumba cha kompyuta huko Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Kompyuta ilikuwa ya watu wote. Kila akimaliza kazi, aliandika amri ya clear, na kioo cha kompyuta kikabaki kitupu. Alifanya hivyo kwa heshima, kama mtu anayemrudishia jirani sufuria iliyooshwa.

Siku ya arusi ya ndugu yao Aurore huko Ruti, mama mkwe wa Alida, Cansilde, aliingia na simu yenye wimbo wa kwaya yake.

"Mukamwana, muke wa mwana wangu, wimbo ni mukubwa, hauendi. Uupunguze, ufike Ruti mbele misa ianze. Nimeshawaambia unajua hiyo kazi."

Alida aliuhamishia wimbo kwenye kompyuta. Kazi hiyo ilitaka kuandika amri moja ndefu. Alida aliitumia wakati wa Pasaka. Sasa alijaribu kuikumbuka, akakosea. Akajaribu tena, akakosea tena. Mbabazi, fundi wa kutoka Mbarara, alikuwa amemwonyesha mara nyingi. Amuulize tena? Aliona haya.

"Mama, mashine imekufa," alisema.

Cansilde alimwamini, na hilo ndilo lililomuuma Alida. Mama alitoka mbio, akarudi na Mbabazi, aliyekuwa nje akifunga sola.

"Hii mashine iko mzima, nyabo," Mbabazi alimwambia Cansilde kwa heshima. "Nani alisema imekufa?"

Alida alitamani ardhi immeze.

"Ni mimi. Nilidanganya, mama. Nimesahau amri, na ile ya Pasaka niliifuta."

"Clear inafagia kioo tu," alisema Mbabazi. "Amri zako ziko. Shika Ctrl, bonyeza R. Andika neno moja unakumbuka."

Alida aliandika pasaka, jina la wimbo ule. Amri yote ikatokea! Akapeleka kidole kwenye Enter.

"Ngoja! Soma kwanza. Unataka kutuma Pasaka kwa arusi? Bonyeza mshale wa kulia, badilisha jina la wimbo, kisha Enter. Na ile amri uliyoandika sasa hivi tu, mshale wa juu unairudisha."

Alida alibadilisha jina. Wimbo ukapungua, ukaenda. Baadaye simu ililia kutoka Ruti.

"Ni mukamwana wangu aliufanya," Cansilde alijibu kwa sauti kubwa. Kisha akamgeukia Alida, akanong'ona: "Ile karatasi ya noti za wimbo ninashikaka mbele ya kwaya, sijui kuisoma. Miaka yote naona haya."

"Nani anajua, mama?"

"Mwalimu Damascène, wa parokia."

Alida alifunga mlango. "Twende tumuulize."