Kikombe cha Anti Kaveke

Asubuhi nyumbani kwa kina Kathini ilianza na ubishi wa chai. Kathini, mwanafunzi wa Gredi ya Sita, aliitaka yenye sukari tele. Mama yake, Muthoki, aliitaka nyepesi ili maziwa yabaki ya kesho. Naye Anti Kaveke, mdogo wake Muthoki, alisema chai bila tangawizi ni maji ya kuoshea vyombo. Anti ndiye aliyeshinda kila siku. Akishakunywa katika kikombe chake cha bati cha rangi ya samawati, aliketi kwenye cherehani barazani na kushona sare za shule, huku malori yaendayo Namanga yakinguruma barabarani.

Anti Kaveke aliishi na virusi vya Ukimwi. Pia alikuwa na ugonjwa wa akili ambao, ukimzidi, ulimletea sauti ambazo wengine hawakuzisikia. Sauti hizo zilikuwa chokozi kwelikweli. Zilimwambia kwamba watu wanataka kumtilia sumu. Alipotumia dawa zake zote vizuri, sauti zilinyamaza na cherehani haikupumzika.

Kisha mambo yakaenda mrama. Wapangaji wapya walihamia ploti yao ya Kitengela, na Muthoki akaogopa macho yao. Chupa ya dawa za virusi ililia kachakacha kila iliposhikwa, basi akazihamishia tembe kwenye mkebe wa kakao. Anti aliufungua mkebe, akatazama ndani, akaufunga.

"Hizi si zangu," alisema. "Zangu ziko na chupa."

Walimbembeleza wakachoka. Aliacha dawa ya virusi, akaacha na ile ya akili.

Kathini aliumia moyoni. Shuleni walikuwa wamefundishwa kwamba mtu akikatiza dawa, virusi huongezeka mwilini. Basi akapata wazo aliloliona la kijanja kupindukia. Mama alipokwenda sokoni, alichukua tembe moja, akaitwanga pamoja na tangawizi, akaitia katika kikombe cha samawati na kuzidisha sukari.

Anti alipiga funda la kwanza, akapiga la pili, akakunja uso. Aliinamisha kikombe na kuona unga mweupe umetuama chini. Alimtazama Kathini, akakiweka kikombe sakafuni, akaingia chumbani.

Tangu hapo hakula chochote kilichopikwa nyumbani. Alikula mayai ya kuchemsha aliyoyamenya mwenyewe, ndizi, na njugu zenye maganda. Nguo zilianza kumpwaya na cherehani ikashika vumbi. Muthoki alilia, akasema ugonjwa umemzidi dada yake. Kathini alifyata mdomo.

Jambo moja tu Anti alikubali: kwenda kliniki Kajiado, kwa kuwa alimwamini Sista Naipanoi, muuguzi wa pale.

"Takwenya, Kaveke," Sista alimsalimu kwa Kimaasai, kama ilivyokuwa desturi yao. Siku nyingine Anti angejibu "Iko" kwa madaha, Mkamba anayejifanya mzaliwa wa hapo. Leo alitazama ukuta.

Muthoki alieleza kwamba dada yake hali chakula vizuri na anadai anatiliwa kitu. Sista alishusha pumzi. "Akiendelea hivi itabidi alazwe, hata kama hataki. Sauti zimemshika."

"Si sauti," Anti alisema polepole. "Niliona kwa kikombe."

Muthoki alimpapasa bega, kama anayembembeleza mtoto.

Kathini alipima la kufanya. Akisema, mama angekasirika, na huenda Anti asimsamehe kamwe. Asiposema, Anti angelazwa kwa kusema kweli.

"Ni kweli," alisema. "Ni mimi. Nilitwanga dawa yake nikaweka kwa chai. Nilitaka apone. Nisamehe, Anti."

Macho ya Anti yalijaa machozi. "Nilianza kufikiri hata macho yangu yameugua," alisema. "Umenirudishia macho yangu, Kathini."

Sista Naipanoi alivuta kiti, akaketi mbele ya mgonjwa wake. "Hata mimi nisamehe. Nilimsikiliza dada yako, wewe sikukuuliza. Ungetaka dawa zako zikae vipi?"

"Kwa chupa yao, nikiona lebo. Nifungue mwenyewe. Na chai nipike mwenyewe."

"Na majirani, je?" Muthoki aliuliza.

"Watasikia chupa ikilia. Watazoea."

Muthoki alicheka huku akifuta machozi. Kwa ugonjwa wa akili, daktari wa kliniki hiyo alimweleza Anti kwamba kuna sindano ya mara moja kwa mwezi badala ya tembe, naye akaichagua mwenyewe. Kathini alipewa kazi ya kuketi naye anapomeza dawa ya virusi, bila kumlazimisha. Siku Anti akikataa, wampigie Sista simu. Dawa isipondwe wala kufichwa tena.

Sauti hazikuondoka mara moja. Kulikuwa na asubuhi ngumu, na simu kadhaa zilipigwa Kajiado. Lakini chupa iliendelea kulia kachakacha kila asubuhi, na siku moja Kathini alirudi kutoka shuleni akakuta vumbi la cherehani limefutwa.

Muhula uliofuata walirudi kuchukua majibu ya kipimo. "Virusi vimepungua hadi mashine haivioni," Sista alisema akitabasamu. "Takwenya, Kaveke."

"Iko!" Anti alijibu, na watu waliokuwa kwenye foleni nje wakageuka.

Walipofika nyumbani, Anti aliketi kwenye cherehani. "Kathini, nipikie chai," alisema.

Kathini alishtuka. Tangu siku ile hakuwahi kuombwa. "Njoo basi uone nikipika, Anti."

"Pika tu." Anti alimpa mgongo, akaendelea kushona. Chai ilipokuja, aliinywa yote bila kuchungulia ndani, akakipindua kikombe juu ya meza.

"Ulinitakia mema, najua," alisema. "Lakini mtu akiugua akili haimaanishi hana macho wala moyo. Ukimdanganya, hata dawa ataiona sumu. Ukitaka kunisaidia, nisaidie nikiona."

"Nitafanya hivyo, Anti."

"Na kesho uongeze tangawizi."