Kichwa Majini

Watoto wa Skarvnes, kijiji cha ghubani huko Norwe, walipenda kuogelea kwenye gati la feri kila walipotoka shule. Walikatazwa, lakini walikuwa na mbinu yao. Mmoja alilala kifudifudi, sikio kwenye daraja la chuma linalopitisha magari kuingia ferini. Feri ya dizeli ilitetemesha chuma hicho kabla hata haijatokeza nyuma ya rasi. Msikilizaji akisema "inakuja," wote walitoka majini.

Siku hiyo walikuwa wawili tu, na msikilizaji alikuwa Tuva, msichana wa miaka kumi na miwili. Feri mpya, ya umeme, ilikuwa imeanza kazi juzi tu.

"Vipi?" aliuliza Sjur, mdogo wake.

"Kimya. Ruka basi, au unaogopa samaki?"

Sjur akaruka. Papo hapo feri ikatokeza, nyeupe, bila sauti, imeshafika karibu. Nahodha akairudisha nyuma kwa nguvu, magari yakagongana sitahani. Sjur alipanda ngazi iliyofichwa na nguzo, wakakimbia. Njiani Tuva akamwapisha asiseme.

Nahodha alikuwa shangazi yao, Gudveig. Alisema ameona kichwa cha mtoto majini. Watu walitafuta mpaka wakachoka. Hakuna mtoto aliyepotea. Kampuni ikamwondoa kwenye usukani.

"Gudveig siku hizi anaona mizimu," walisema dukani. "Kimya cha meli yake kimempanda kichwani."

Tangu hapo, kila Tuva alipolaza kichwa, iwe darasani au kitandani, alisikia mngurumo wa feri ya zamani, ambayo ilikuwa imeshakatwa kuwa vyuma chakavu. Sjur naye aliogopa hata kuoga nyumbani.

Jumapili shangazi alikuja kula kwao. Hakugusa mkate wala jibini.

"Nikifumba macho namwona anazama," alisema taratibu. "Nimeua mtoto wa nani, ambaye hata hatafutwi?"

Tuva aliweka mkate wake chini. "Ni Sjur, shangazi. Mimi ndiye niliyesikiliza."

Gudveig alimvuta Sjur, akamshika kichwa kwa mikono miwili.

"Kichwa kikubwa hivi, halafu wananiambia ni mzimu," alisema. Sjur akacheka huku akilia. Kisha Gudveig akamgeukia Tuva. "Nilikuwa naanza kuamini nina wazimu. Na wewe ulikuwa unanipitishia maziwa mezani."

Kesho yake Tuva alisimama mbele ya wakubwa wa kampuni, akaeleza yote. Gudveig akarudishwa kazini. Siku aliporudi, Tuva aliwakuta wenzake gatini wameshavua mashati.

"Vaeni," aliwaambia. "Feri hii haisikiki."

Kabla ya kupanda melini, shangazi alimwita kando.

"Kutosikia hakukuwa kosa lako peke yako. Hata mimi miguu yangu bado inautafuta ule mngurumo sitahani. Lakini ulijua mtoto yu hai, ukaniacha nilale na maiti yake. Ukikosea, mwanangu, sema siku hiyohiyo."