Nani Atatia Chumvi?

Katika nyumba ya mzee Ignatio kule Lundo, kando ya Ziwa Nyasa, chumvi ilikuwa kazi ya mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa mke wake, Bonifasia.

Sababu yake ni mila. Kwa wazee wa nyumba ile, mwanamke aliye katika hedhi hatii chumvi kwenye mboga. Anaweza kupika, kusonga ugali na kupakua. Chumvi anatia mwingine. Wanasema akitia yeye, wanaokula watakohoa. Mimi sijamwona aliyekohoa kwa sababu hiyo, lakini mila ni mila.

Bonifasia alikuwa amevuka umri huo. Hedhi yake ilikoma zamani, kabla mwanawe Hamphrey hajaoa. Kwa hiyo mambo yalikuwa rahisi. Mkwe wake Eunice alipika. Bonifasia alikuja na kopo la chumvi, akatia, akaonja, akaenda zake. Hakuna aliyehitaji kujua siku za mwenzake. Eunice alitoka Mbuji, huko juu kwenye kahawa, na kwao kila mtu alitia chumvi apendavyo. Alipoolewa alicheka kidogo, kisha akazoea.

Kila asubuhi Bonifasia alishuka ufukweni kununua usipa, wale dagaa wa ziwani. Aliwaanika juu ya chanja, akawageuza, akawafukuza kunguru. Alikuwa na nguvu, na alipenda kusema hivyo.

Asubuhi moja, akiwa palepale chanjani, alihisi unyevu. Alikwenda nyumbani akajitazama. Kwenye gagulo lake palikuwa na doa la damu, dogo tu. Alilifua gagulo, akalianika ndani ya nyumba, akanyamaza. Baada ya muda damu ilirudi, na safari hii ilikuwa zaidi ya doa.

Mtu pekee aliyemwambia alikuwa Tadea, jirani yake. Tadea alikuwa mkubwa kwake kwa umri, na alikuwa na jibu kwa kila jambo. Alimwambia kwamba damu ya uzeeni haina neno. Ni mabaki tu, ujana unaaga. Bonifasia alipouliza kama aende hospitali, Tadea alicheka.

"Nenda," alisema. "Wakupanue miguu kama kuku wa sikukuu. Na anayekupima ni kijana ambaye ungeweza kumzaa."

Maneno hayo yalimtisha Bonifasia kuliko damu yenyewe. Watoto wake alizalishwa na mkunga mmoja mzee, ambaye sasa ni marehemu. Tangu hapo hakuna mtu, mbali na mumewe, aliyemwona uchi. Alikuwa ameamua kwamba hakuna atakayemwona tena.

Hata hivyo alijaribu. Siku moja alikwenda kwenye zahanati ya jirani. Ndani alimkuta tabibu Rodrick, mtoto wa mdogo wake. Rodrick alisimama akamwamkia.

"Shikamoo, mama mkubwa. Unaumwa nini?"

Bonifasia alimtazama. Huyu ni mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfuta kamasi kwa kanga yake. Alisema anaumwa mgongo.

Tabibu hutibu alichoambiwa. Rodrick alimpima mgongo, akampa vidonge vya maumivu. Bonifasia alishukuru. Alirudi nyumbani na dawa ya mgongo usiouma, na damu yake ikaendelea.

Basi ikabaki chumvi. Bonifasia aliweza kumficha mume. Aliweza kumdanganya tabibu. Chungu hakuweza kukidanganya. Aliamini kabisa kwamba akitia chumvi akiwa na damu, ataidhuru familia yake. Kwa hiyo akaanza visingizio. Leo mikono inanuka usipa. Kesho amechoka. "Tia mwenyewe, mwanangu," alimwambia Eunice. Eunice alishangaa, lakini alitia.

Halafu ikaja Jumapili moja. Hamphrey alikuwa ametoka ziwani na samaki wazuri aina ya magege. Eunice aliwapika kwa nyanya. Siku hiyo naye alikuwa katika siku zake, na hakusema, kwa sababu nyumba ile haikuwa na desturi ya kusema. Alimwachia mama chumvi. Mama naye alimwachia yeye.

Mzee Ignatio alimega tonge, akachovya, akatafuna. Aliacha kutafuna.

"Chumvi imekwisha dukani?" aliuliza.

Bonifasia alimtazama Eunice. Eunice alimtazama Bonifasia. Kisha mama mtu mzima akainamisha kichwa, na Eunice akaelewa yote.

Ignatio aliingia jikoni mwenyewe, akaleta kopo, akatia chumvi kwa mkono wake. Walikula. Hakukohoa mtu.

Jioni walipokuwa wanaosha vyombo, Eunice alisema polepole, "Mama, zimerudi?"

"Nini?"

"Siku zako."

Bonifasia alisugua sufuria ileile kwa muda mrefu. Kisha alisema ni kweli. Akasema ni mabaki, Tadea amemwambia.

Eunice hakukubali. Alimweleza alichosikia kliniki alipokuwa akimpeleka mtoto wake. Huko Mbamba Bay kuna muuguzi anaitwa Restituta. Siku moja aliwafundisha akina mama waliokaa kwenye benchi. Alisema mwanamke akikaa mwaka mzima bila hedhi, basi hedhi imekoma. Damu ikija baada ya hapo si hedhi iliyorudi. Iwe nyingi au tone moja, iwe nyekundu au kama maji yenye rangi ya waridi, ije mara moja tu au mara nyingi, ni lazima akapimwe. Asingoje irudi mara ya pili.

"Sitaki kupimwa," alisema Bonifasia.

"Mama, mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshamaliza kuzaa."

Eunice hakucheka. Alisema anaogopa, na sauti yake ilionyesha hivyo. "Mama mzazi nimeshamzika. Sitaki kumzika wa pili kwa sababu ya aibu. Ukiondoka wewe, nani atatia chumvi?"

Bonifasia aliiinamisha sufuria ichuruzike maji. Mwisho alisema atakwenda, lakini ni kuzungumza tu. Hatavua kitu.

Walikwenda Mbamba Bay katikati ya wiki. Nyumbani walisema wanakwenda kutafuta magunia ya usipa. Restituta alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani, asiye na haraka. Aliwapeleka kwenye chumba chenye pazia, akafunga mlango. Alimwamkia Bonifasia kwanza. Kisha akamwambia aseme kwa lugha yoyote anayoona ni nyepesi. Bonifasia alisema kwa Kinyasa, na Restituta alimwelewa.

Aliuliza damu ilianza lini, inakuja vipi, kama kuna maumivu, kama anatumia dawa zozote, kama amewahi kupimwa mlango wa kizazi. Bonifasia alijibu yote. Kisha yeye akauliza swali moja, lile lililomkosesha usingizi.

"Ni saratani?"

"Sijui, mama," alisema Restituta. "Mara nyingi siyo. Ngozi ya ndani hukauka kwa umri ikachubuka. Au kinyama kidogo kimeota, kinaondolewa. Lakini mara nyingine ni saratani, na damu ndiyo dalili ya kwanza. Ukiwahi, inatibika. Kwa kukutazama usoni siwezi kujua. Ndiyo maana tunapima."

"Unapima na nini?"

Restituta alifungua kabati. Alitoa kifaa kilichofungwa kwenye karatasi safi. Kilikuwa na umbo la mdomo wa bata. Kulikuwa na kingine cha kuonyeshea, akampa akishike. Bonifasia alikigeuza mkononi. Alikifungua, akakifunga. Kwa namna Tadea alivyomtisha, alitegemea kitu kikubwa kama kasia.

"Ni hiki tu?"

"Ni hicho tu. Kinaniwezesha kuona mlango wa kizazi. Baada ya hapo nitagusa kwa vidole, nimevaa glavu. Utajifunika kitenge chako. Eunice anaweza kukaa upande wa kichwa chako, akikutazama usoni tu. Nitakuambia kila ninalofanya kabla ya kulifanya. Na kama ungependa kupimwa na mwanamke, una haki ya kusema hivyo popote unapokwenda."

"Na nikisema subiri?"

"Nasubiri."

"Nikisema basi?"

"Tunaacha. Utavaa, tutazungumza."

Bonifasia alimtazama Eunice, kisha akatazama pazia. Alianza kufungua kitenge cha juu.

Alipanda kitandani. Alijifunika. Eunice alimshika mkono. Restituta alisema sasa anamgusa paja. Kabla hajagusa, Bonifasia akasema, "Subiri."

Restituta akaondoa mkono, akasimama wima, akangoja. Hakuguna, wala hakutazama saa. Alipoona mama ametulia, aliuliza kama aendelee. Alipokaribia, Bonifasia akasema tena, "Subiri." Restituta akasubiri tena.

Hapo Bonifasia alivuta pumzi ndefu. Alikuwa kama mtu aliyejaribu mlango wa kutokea na kuona kwamba unafunguka. "Endelea," alisema.

Kifaa kilikuwa cha baridi, na kilibana. Restituta alimwambia alegeze mapaja na apumue taratibu. Alifanya hivyo, kubana kukapungua. Kabla Eunice hajamaliza kumsimulia habari za mbuzi wa Hamphrey, kazi ilikuwa imekwisha. Machozi yalikuwa yamemtoka Bonifasia, lakini si kwa maumivu. Alikuwa amelibeba lile jambo peke yake kwa muda mrefu.

Mlango wa kizazi ulionekana mzuri. Basi damu ilitoka juu zaidi, ndani ya mfuko wa uzazi. Alipigwa picha ya altrasaundi. Ukuta wa ndani ulikuwa umenenepa kuliko inavyotakiwa kwa umri wake. Daktari alisema lazima kichukuliwe kipande kidogo cha ukuta huo, kikapimwe maabara. Kwa kipimo hicho ilibidi aende hospitali kubwa.

Sasa magunia ya usipa yasingetosha kuwa sababu. Jioni ile Bonifasia alimweleza mumewe. Ignatio alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ndiyo maana chumvi," alisema. "Umenificha mke wangu akiumwa." Aliumia, na hakulificha. Asubuhi alivaa koti lake la kanisani, akasema wanakwenda wote.

Kipimo cha pili kiliuma kuliko cha kwanza. Kiliuma kama tumbo la hedhi linapokaza, kwa muda mfupi. Bonifasia alisema "subiri" mara moja, na daktari yule naye alisubiri. Majibu yalichukua wiki kadhaa. Katika wiki hizo hakula vizuri. Alisali rozari mpaka Ignatio akamwambia Mungu ameshasikia, sasa alale.

Majibu yalipokuja, daktari alisema mambo wazi. Haikuwa saratani. Lakini chembe za ukuta wa mfuko wa uzazi zilikuwa zimeanza kubadilika, na zikiachwa zingeweza kuwa saratani. Kwa hali yake, tiba ilikuwa kuuondoa mfuko. Alifanyiwa upasuaji. Alikaa hospitali siku chache, akarudi Lundo akitembea polepole. Kwa muda hakuruhusiwa kuinua ndoo wala kwenda chanjani, na jambo hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

Alipopona alimwita Rodrick, akamwambia kwamba ule mgongo haukuwa mgongo. Rodrick alisikitika.

"Mama mkubwa, ungeniambia tu unataka mwanamke," alisema. "Nisingeuliza zaidi. Ningekuandikia uende kwa sista Restituta siku ileile."

Siku ya kwanza aliporudi jikoni, Eunice alimpa kopo. Bonifasia alitia chumvi kwenye usipa, akaonja, akaongeza kidogo. Ignatio alikula sahani mbili, hakusema neno juu ya chumvi. Kwake yeye hiyo ni sifa.

Tangu hapo Bonifasia alizungumza. Baada ya sala za jumuiya aliwaeleza wanawake wenzake, bila kupamba. Alisema damu baada ya hedhi kukoma si ujana kurudi. Alisema jinsi ya kusema subiri. Wengine waliziba midomo kwa kanga. Tadea alikuwa hapo, akitazama vidole vya miguu yake.

Miezi ikapita. Jioni moja Bonifasia alikuwa uani akichambua usipa. Sauti ya Tadea ikatoka upande wa pili wa uzio.

"Mama Hamphrey, njoo unitilie chumvi kwenye mboga."

Bonifasia alichukua kopo akainuka. Alipofika kwenye uzio alisimama. Tadea alikuwa mkubwa kwake. Aliishi peke yake, na kwa miaka yote hiyo alijitilia chumvi mwenyewe.

Aliingia. Chungu kilikuwa jikoni, Tadea ameketi mbali nacho, amejikunyata. Bonifasia alitia chumvi, akakoroga, akafunika. Kisha akavuta kigoda, akakaa karibu yake.

"Tangu lini, dada?"

Tadea alisukuma ukuni motoni. Ukuni ulikuwa umeshaingia vizuri, hakukuwa na haja ya kuusukuma.

"Tangu Pasaka," alisema.

Bonifasia hakumkumbusha habari ya kuku wa sikukuu, ingawa alitamani. Alimshika mkono.

"Kesho asubuhi tunakwenda Mbamba Bay," alisema. "Mimi nitakaa upande wa kichwa."