Mzee Agustino Hakuwa Anaigiza

Kila Jumapili jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, familia ya mzee Agustino wa Mogitu hukaa mbele ya televisheni. Huangalia mchezo kuhusu mwanamuziki maarufu aliyepata kiharusi. Mdomo wake umepinda na mkono umelegea, lakini bado anawagombeza wapiga gitaa wake. Mchezo huo unasikitisha, na unachekesha pia.

Mzee Agustino alijua sana kumwiga. Alipindisha mdomo, akaburuta mguu, akaagiza chai kama bosi. Mke wake, Restituta, alicheka mpaka machozi.

Jumapili moja kikombe kilimponyoka mzee. Chai ikamwagikia suruali. Alitaka kusema kitu, lakini maneno yakatoka yamevurugika.

"Baba, leo umemshinda hata yule wa kwenye TV," alisema binti yake, Tekla.

"Na suruali nitafua mimi," alisema Restituta. Wote wawili walikuwa wanacheka.

Jirani yao Verediana aliingia. Yeye ni mhudumu wa afya wa kijiji.

"Shikamoo, mzee."

Mzee alimtazama tu. Verediana alishtuka. Mzee huyu hakuwahi kuacha kuitikia shikamoo ya mtu, hata akiwa na hasira.

"Anaigiza," alisema Tekla.

Verediana alimsogelea. "Mzee, tabasamu kidogo." Upande mmoja wa uso haukusogea. "Inua mikono yote miwili." Mkono wa kulia ukashuka wenyewe.

"Haigizi," alisema Verediana. "Hiki ni kiharusi. Kimeanza saa ngapi?"

"Sasa hivi tu, mchezo ulipoanza," alijibu Tekla. Hakuwa anacheka tena.

"Ukumbuke muda huo. Daktari atauliza."

Restituta alileta maziwa. "Anywe kidogo apate nguvu."

"Hapana, mama. Atapaliwa. Asile, asinywe, asipewe dawa yoyote. Twende hospitali."

"Tusubiri kidogo, labda itapita."

"Hata ikipita, twende. Tukikaa, ubongo unazidi kuharibika."

Jirani mwingine, Tluway, alileta pikapu yake ya kubebea vitunguu. Njiani Restituta alimshika mumewe mkono.

"Mwaka jana walimwambia ana presha," alisema. "Alimeza dawa mwezi mmoja tu. Akasema amepona, maana haumwi popote."

"Presha mara nyingi haiumi, mama," alisema Verediana. "Ndiyo maana mtu haachi dawa mpaka daktari amwambie."

Daktari alisema wamewahi. Mzee alilazwa wiki mbili. Aliporudi nyumbani, Tekla alimfanyisha mazoezi ya mkono kila asubuhi. Restituta naye alipimwa, akakutwa na presha. Sasa yeye na mumewe humeza dawa zao pamoja, na chumvi mezani imepungua.

Baada ya miezi mitatu, mzee alikuwa anatembea kwa fimbo. Maneno yalikuwa yanarudi polepole. Siku moja Verediana alikuja kumpima presha.

"Bado najilaumu," Restituta alimwambia. "Mume wangu alikuwa anakufa, mimi nacheka."

Mzee alitafuta maneno.

"Usijilaumu," alisema. "Mimi... naigiza vizuri mno."

Restituta alicheka, kisha akafuta macho kwa kanga yake. Mzee akamgeukia Verediana.

"Asante, mwanangu," alisema. "Wengine walikuwa wanaangalia TV. Wewe uliniangalia mimi."