Kadi ya Tatu, Tumbo la Mgeni

Katika nyumba moja ya kupanga mtaani Ilala, hakuna aliyekuwa na kitu cha peke yake. Vyumba vilitazamana uani, na vitu vilitembea kutoka chumba hiki kwenda kile. Asubuhi ndoo ya Maimuna ilikuwa bafuni na Zamda, mbuzi ya nazi ya Zamda ilikuwa kwa Maimuna, na ukiuliza pasi ni ya nani, kila mtu alisema, "Ipo tu, ichukue."

Binti zao, Tatu wa Maimuna na Mgeni wa Zamda, walikua hivyo hivyo. Walisoma darasa moja, la sita, na walivaliana viatu bila kuombana. Mgeni akichelewa kurudisha ushungi, Tatu alivaa wa Mgeni, mambo yakaisha.

Zamda aliuza chai, vitumbua na juisi Kariakoo kwa wapakiaji mizigo. Hakuwa na bosi. Maimuna aliuza khanga Kariakoo hiyo hiyo, katika duka la Mzee Lalit na mkewe Taraben. Zamani, mfanyakazi wa duka hilo akiugua, alisimama mbele ya meza ya Mzee Lalit akajieleza. Mzee akiwa na furaha, alifungua droo na kutoa chochote. Akiwa amenuna, uliambiwa urudi kesho, kana kwamba homa nayo ingesubiri kesho.

Taraben ndiye aliyeukomesha utaratibu huo. Aliwaandikisha wafanyakazi wote bima ya afya pamoja na watoto wao, kisha akawaandikisha katika mfuko wa hifadhi ya jamii ili wakistaafu wapate pensheni. Siku ya kugawa kadi za bima aliwakusanya katikati ya marobota.

"Kadi ni ya mwenye jina," alisema. "Mmoja akifanya ujanja, bima inaweza kututoa wote. Mmenisikia? Wote!"

Maimuna alimwonyesha Tatu kadi yenye jina lake, akarudia maneno hayo na kuiweka sandukuni. Mwaka huo huo kadi ilifanya kazi: Tatu aliugua kidole tumbo, akafanyiwa upasuaji na kupona bila mama yake kukopa hata senti.

Jumamosi moja mama zao walipokuwa Kariakoo, Tatu alimkuta Mgeni amejikunja kwenye mkeka, jasho likimtoka.

"Wewe, umekula nini?"

"Sijala. Tumbo, Tatu. Tangu jana."

"Umemwambia mama?"

"Nimwambie ili iweje? Kodi ya chumba hajamaliza. Atanipa maji ya tangawizi na kulia chooni akidhani simsikii."

Tatu alisimama mlangoni. Alijua kilichokuwa ndani ya sanduku la mama yake. Alijua pia alichoambiwa. Lakini katika nyumba ile, mtu akiwa na shida na wewe una kitu, unampa. Hakuwahi kuona mtu akinyimwa ndoo kwa sababu ndoo ina jina.

"Inuka," alisema. "Leo wewe ndiye Tatu."

"Na wewe?"

"Mimi ni dada yako. Nyamaza, utembee polepole."

Zahanati haikuwa mbali. Dada wa mapokezi aliitazama kadi kwa jicho moja. Katika picha kulikuwa na msichana mwenye ushungi mweupe wa shule, na mbele yake alisimama msichana mwenye ushungi mweupe wa shule. Akawaelekeza chumba cha daktari.

Daktari Polycarp alikuwa na wagonjwa wengi nje, lakini hakuwa mkali. Alisoma kwenye kompyuta kwanza, kisha akamgeukia Mgeni.

"Haya, Tatu, panauma wapi?"

Mgeni aligusa upande wa kulia, chini ya kitovu. Daktari alipabonyeza kidogo juu ya gauni. Mgeni akaruka.

"Mh! Angekuwa mtu mwingine, ningesema ni kidole tumbo moja kwa moja," daktari alisema. "Lakini wewe kilishatolewa mwaka jana, naona hapa. Basi tuanze na dawa ya minyoo na ya kupunguza maumivu. Kapumzike nyumbani."

Akaanza kuandika.

Tatu alitazama pale Mgeni alipokuwa ameshika. Maumivu yale aliyajua. Alikumbuka daktari wa upasuaji alivyomwambia mama yake kwamba wangechelewa, kingepasuka tumboni. Kichwani akamwona Mgeni amelala kwenye mkeka na dawa ya minyoo mkononi. Halafu akamwona mama yake mbele ya Taraben, na wafanyakazi wote wa duka wakirudisha kadi zao mmoja mmoja kwa sababu ya mtoto wa Maimuna.

Mgeni alimkonyeza anyamaze. "Twende, dada," alinong'ona.

"Daktari," Tatu alisema, "huyu si Tatu."

Kalamu ilisimama. "Unasema?"

"Tatu ni mimi. Aliyetolewa kidole tumbo ni mimi. Huyu ni Mgeni. Kadi nimempa mimi, mama hajui. Usimpe ya minyoo!"

Daktari hakugomba. Alimlaza Mgeni kitandani na kumwita muuguzi. Muuguzi alipoinua gauni, hapakuwa na kovu lolote. Daktari alipima tumbo upya, taratibu, na kila alipobonyeza uso wake ulizidi kubadilika.

"Anatakiwa hospitali sasa hivi," alisema. "Wewe, nipe namba za simu za mama zenu. Zote mbili."

Walipokuwa wakisubiri gari, alimgeukia Tatu.

"Umenitisha, binti. Nilikuwa nakutibu wewe, na anayeumwa ni mwenzako."

Mgeni alipasuliwa jioni hiyo. Daktari wa hospitali alimwambia Zamda kwamba kidole tumbo kilikuwa kimevimba vibaya na kwamba hawakuwa na muda wa kupoteza. Zamda alimshukuru Mungu, kisha akaiuza friji ya juisi aliyoinunua kwa jasho la miaka ili alipe gharama.

Jumatatu, Maimuna alimchukua Tatu hadi dukani kabla ya wateja kujaa. Njiani hakumgombeza. Alisema neno moja tu: "Utasema mwenyewe."

Taraben alikuwa amesimama nyuma ya meza akipanga doti za khanga. Mzee Lalit alikuwa upande wa pili na kikombe chake cha chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona macho mekundu? Shule hakuna leo?"

Tatu akasimulia yote, bila kuruka hata maneno aliyomwambia Mgeni kwenye mkeka. Taraben alisikiliza huku mkono wake umetulia juu ya khanga. Tatu alipomaliza, Taraben aliisukuma khanga pembeni.

"Unajua nimegombana na mzee huyu mwaka mzima ili mpate kadi hizi?"

"Mwaka na nusu," Mzee Lalit alisema.

"Wewe kunywa chai!" Taraben alimgeukia Maimuna. "Nitawapigia bima mwenyewe, leo. Nikificha, na mimi nimekuwa mwongo. Wakikuadhibu, utavumilia."

"Nitavumilia, mama."

"Na yule mwenye vitumbua, kwa nini hana bima?"

"Hana mwajiri."

"Hana mwajiri!" Taraben alicheka kwa hasira. "Anaamka usiku, anapika, anauza, anajilipa. Mwajiri ni yeye! Mimi nami sina bosi, na nachangia bima yangu na mfuko wangu. Unadhani nitamtegemea Lalit?"

Mzee Lalit alikohoa ndani ya kikombe.

Kisha sauti ya Taraben ikashuka. "Unamkumbuka Filbert? Alifunga mizigo hapa tangu enzi za baba mkwe wangu. Mgongo wake ndio uliojenga duka hili. Siku anaondoka tulimpa doti mbili na soda, tukapiga makofi. Sasa kila Ijumaa anakuja mlangoni, anapanga foleni na waombaji, nampa sarafu. Yeye hainamishi kichwa. Nainamisha mimi. Mwambie huyo rafiki yako asingoje kufika pale."

Kampuni ya bima haikuwatoa wafanyakazi wa duka, kwa kuwa habari ilitoka kwao wenyewe na kadi ilikuwa haijalipia kitu. Lakini ilimpa Maimuna onyo na kuisimamisha kadi ya Tatu kwa miezi kadhaa. Ikabidi Maimuna aweke akiba pembeni kwa hofu ya homa yoyote.

Zamda alipoambiwa habari za kuchangia, alibisha kwanza.

"Bima sawa. Lakini pensheni? Mimi wa vitumbua? Nitafika huo uzee?"

"Na ukifika?" Maimuna alimuuliza. "Utakanda unga na mikono inatetemeka?"

Zamda aliitazama mikono yake. Wiki iliyofuata alikwenda kuuliza, akakuta waliojiajiri wanapokelewa. Akaanza na kiasi kidogo alichokimudu: cha bima yake na Mgeni, na cha uzeeni. Akarudi Kariakoo na kuwasimulia wauza chai wenzake, wengine wakacheka, wawili wakauliza ofisi iko wapi.

Jioni moja Mgeni akiwa amepona na anacheza rede, mchezo wa kukwepa mpira, uani na wenzake, Tatu alikaa karibu na mama yake aliyekuwa akichambua mchele.

"Mama, nilikosea kumhurumia?"

"Hapana. Huruma yako naipenda, usiiache." Maimuna aliweka ungo chini. "Lakini ndoo ukiiazima, maji ni yale yale. Kadi ya bima imebeba habari za mwili wako: ulichougua, ulichopasuliwa, dawa ulizopewa. Ukimpa mtu, unamvisha ugonjwa wako na kuuficha wake. Hata daktari hodari hawezi kumponya mtu aliyefichwa. Uongo wako ulikuwa wa upendo, Tatu, na bado ungemuua."

Tatu aliokota chuya moja kwenye ungo.

"Halafu ukasema kweli wakati kusema kulikuwa kugumu, ndiyo maana yule pale anakwepa mpira. Siku nyingine ukiona mwenzako anaumia, njoo kwangu. Tutauza friji, tutakopa, tutapiga kelele mtaa mzima, lakini atatibiwa kwa jina lake."

Uani, mpira ulimkosa Mgeni kidogo tu. Akapiga kelele za ushindi na kumwita Tatu aingie mchezoni.