Jambia la Mbao

Haya hayakunipata mimi. Yangenipata mimi, mngeniokota Makupa nikiwa bado nakimbia. Yalimpata rafiki yangu Fondo, ambaye kazi yake ni kubuni silaha za viumbe wa nyota nyingine kwa mchezo wa runinga. Msicheke, na hiyo ni kazi.

Trizah, mwelekezi wao, alikuwa amekataa majambia mawili. La kwanza alisema lafaa kupasulia nazi. La tatu nalo likimchukiza, kazi ingepewa mtu mwengine.

Hilo la tatu Fondo alilichonga kwa mbao laini, akalipaka rangi ya fedha, akaliacha likauke mezani, katika stoo ya Mji wa Kale isiyo na dirisha hata la kupitisha paka. Alasiri akaenda kulichukua, yeye na Mejumaa, mshona maleba ya waigizaji. Fondo akaingia peke yake, mlango ukajifunga nyuma yake, na papo hapo stima ikapotea.

Gizani akasikia chuma kikinolewa juu ya jiwe. Kwaruu. Kimya. Kwaruu.

"Mejumaa, wacha masihara!"

"Masihara gani, kaka?" Sauti ilitoka uchochoroni. "Mimi niko huku nje. Wewe wanoa nini humo ndani?"

Fondo angetoka mbio, lakini Trizah alikuwa akilingoja jambia. Akanyoosha mkono kuipapasa meza.

Kunoa kukakoma.

Mkono haukufika mezani. Mpini wenye joto uliwekwa kiganjani mwake, polepole, makali yameelekezwa kwengine, vile mtu mwenye adabu anavyompa mwenziwe kisu.